Jiwe la Kichwani pa Mama

Kolwezi, tarehe 9 Juni 1974

Kwako yaya wangu Tshiela, dada yangu mkubwa,

Salamu nyingi zikukute huko Kasaji, wewe, shemeji na watoto. Je, kile kikohozi kimekuachia? Sisi huku miili ni mizima. Roho ndiyo inayochemka, na ukisoma hadi mwisho utajua kwa nini sikujibu barua zako mbili.

Umeniandikia kwamba mmesikia redioni habari za jiwe la ajabu la Kolwezi, na kwamba nijivunie kufanya kazi chini ya mtu kama injenia Mukalay. Yaya, nilitaka kuichana barua hiyo. Mukalay hakuokota hata kokoto.

Unajua kazi yangu: mwaka wa kumi na moja huu nakata mawe kwa msumeno wa maji katika hangari ya wapima miamba. Mwezi wa tatu Mukalay alitukusanya, akatuonyesha kipande kidogo chenye mistari iliyopinda, tabaka juu ya tabaka, kama kabichi iliyokatwa katikati. Akatueleza kwamba hayo ni mabaki ya viumbe. Karibu miaka milioni mia nane iliyopita, hapa petu palikuwa na maji ya chumvi yasiyo na kina. Hapakuwa na samaki, wala jani, wala mdudu wa kutambaa. Palikuwa na ute tu, viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, vikinasa matope, vikifa, vingine vikiota juu ya vilivyokufa, hadi vikajijengea mawe. Akasema hata pumzi tunayovuta leo ilianza kutengenezwa na viumbe wa aina hiyo. Sitasema uongo, siku ile nilimpenda. Jioni nilishindwa kumaliza sahani ya bukari kwa kuwaza. Alisema pia kwamba atakayepata jiwe kubwa la namna ile amletee, na jina lake litaandikwa.

Basi jiwe likapatikana, kubwa kama mto wa kulalia. Nililikata mwenyewe Jumamosi, nikiwa peke yangu, na maji yalipopita juu yake mistari yote ikang'aa. Sasa, desturi ya hangari yetu ni hii: kila jiwe hupakwa namba nyekundu ya shimo la mgodi lilikotoka. Lisilo na namba, wafagiaji hulitupa kwenye lori la kufukia mashimo ya barabarani. Nikaogopa wasije wakalitupa kabla sijaja kulichukua, nikalipaka namba ya shimo la magharibi. Jumatatu nikamkuta Mukalay amelikumbatia. Nikamwambia jiwe hilo ni langu. Akacheka, akanishika bega mbele ya watu.

“Tata Ngeleka,” akasema, “kintu iko na namba ni ya kampuni. Na ni mi nimeiona.”

Mwezi uliopita redio ikasema amelivumbua kwa nyundo yake katika shimo la magharibi. Nyundo gani? Nyundo ya Mukalay bado ina karatasi ya dukani. Sasa ametuma watu wanne huko watafute mawe mengine kama lile. Wanachimba katika vumbi la kiangazi, hawapati kitu, naye anawaita wavivu. Mimi najua hawatapata, na kila asubuhi nawapita nimefunga mdomo.

Utauliza kwa nini sisemi. Yaya, keti kwanza. Jiwe halikutoka shimoni. Ni lile tata, baba yetu, aliloleta kwa toroli kutoka njia ya Nzilo, lile Mama alilokuwa akilikalia akitwanga majani ya muhogo ya sombe, lile tulilomwekea kichwani pa kaburi, wewe ukishika upande huu na mimi ule. Mukalay alipotuonyesha kile kipande, vidole vyangu viliikumbuka mistari. Nikaenda kuling'oa. Nilijiambia ni kwa siku mbili tu, nikate ubavu mwembamba, nilirudishe. Nilitaka jina langu liandikwe. Ndiyo sababu yote, sina nyingine.

Kwa hiyo hasira hii ninayokumwagia si ya Mukalay peke yake. Yeye ameiba kwa mwizi. Kaburi la Mama halina kitu kichwani tangu mwezi wa tatu, nawe unakuja mwezi ujao kulisafisha, na mimi nilikuwa nikitafuta jiwe jingine la kufanana nalo ili usijue. Nimezunguka Jumapili tatu nikilitafuta. Najichukia nikiandika maneno haya.

Jiwe limetiwa sandukuni, na Jumatano linapanda treni, safari ya Kinshasa. Jumanne asubuhi, watu wote wakiwa wamepanga mstari kuitwa majina, nitasema. Wanaweza kunifukuza kazi na kunitoa katika nyumba ya kampuni, basi unitayarishie pa kulala. Kopo la rangi nyekundu na brashi nimeshaviweka chini ya msumeno. Nitalifungua sanduku, nitaikwangua namba ile mbele yao, na mahali pake nitaandika jina la Mama.

Nisalimie shemeji, uwabusu watoto. Kama utanilaani, nakuomba usinilaani kwa barua. Njoo unilaani pale kaburini, kisha unisaidie kulibeba, wewe upande huu na mimi ule.

Ni mimi mdogo wako,
Ngeleka