Dakika Kumi za Kioo cha Jua

Mpendwa mshauri wa gazeti, naomba msaada wako nikiwa bado na pumzi, maana kifua kimebana na Padre amekwisha kunipaka mafuta ya wagonjwa, na jambo ninaloleta kwako sikulisema hata kwake siku ile.

Mimi ni Alois. Nililelewa misheni Bagamoyo, nikafundishwa kusoma, kuandika na hesabu, na kwa ajili ya hesabu hiyo nikawekwa karani wa kioo cha jua juu ya mlima, upande wa kusini wa Uluguru, nikipeleka habari kwa mimuliko mifupi na mirefu hadi kituo cha bondeni, njia ya Kisaki, ambako msomaji alikuwa rafiki yangu Mwinjuma. Simu ya waya tuliihesabu kwa maneno, kioo tulikihesabu kwa herufi, na ukutani palikuwa na jedwali la Wazungu la kugeuza hesabu moja kuwa nyingine: neno moja ni herufi tano, kioo hupeleka herufi thelathini kwa dakika, basi ni maneno sita. Jedwali halikuwahi kunidanganya, kwa kuwa tulikuwa tukipeleka Kijerumani tu, tena kwa vifupisho.

Mwaka wa 1903, siku moja alasiri, Bwana wa kituo aliandika habari kwa Kiswahili, kwa sababu akida wa kule hakujua lugha nyingine. Yalikuwa maneno sitini: kwanza kwamba wapagazi arobaini watafika kesho asubuhi, watafutiwe chakula na mahali pa kulala, na mwishoni kwamba watatu kati yao wameonekana na ndui, wote wawekwe ng'ambo ya mto, wasikaribiane na watu. Akautazama ukungu unaopanda kutoka bondeni, akaniuliza kama jua litatosha au atume tarishi, nami nikasoma jedwali nikamjibu, dakika kumi, Bwana, litatosha. Lakini maneno yetu ni marefu, mshauri, sitini yale yalikuwa herufi mia nne na themanini, dakika kumi na sita, na dakika ya kumi na moja ukungu ukafunika kioo nikiwa bado kwenye chakula na malazi. Nikaogopa kusema kwamba mimi, mtu wa hesabu, nimekosea hesabu. Nikaandika kitabuni "Imepokewa," nikitumaini kumalizia asubuhi, na asubuhi ukungu haukuondoka mpaka wapagazi wakawa wamekwisha kupokewa nyumbani kwa watu.

Wakafa watu kumi na tisa.

Kwenye baraza la hukumu Mwinjuma alisema neno moja tu, "Bwana, kioo kilizimika." Nikaulizwa mimi. Nikasema, "Nilimaliza yote." Ikaamuliwa kwamba alisinzia kazini, akapigwa viboko ishirini na tano, akafungwa mnyororo miezi sita, na alipotoka alikuja kwangu, akakaa chini, akaniambia, "Kaka Alois, labda kweli nilisinzia. Wewe hukosei hesabu." Hata hapo sikusema. Mwaka wa pili akafa, akiwa ameamini kwamba ndiye aliyewaua.

Sasa mjane wake, Mwanaheri, anakaa hapa Morogoro, nami sina mke wala mtoto, na yeye ndiye anayeniletea uji kila asubuhi, akinitania, shemeji kunywa, au unamngoja bibi wa Kizungu aje na kijiko cha fedha. Juma lililopita hakunitania. Posa ya binti yake, Mosi, imerudishwa, wazee wa mchumba, watu wa Kisaki, wamesema hawaoi kwa mtu aliyelala wenzake wakifa, na Mwanaheri akaniambia hawalaumu, kwani hata yeye hajamsamehe marehemu. Nikameza uji. Mshauri, nikimwambia nitakufa peke yangu, nisipomwambia sijui nitakufaje. Je, haitoshi nikiacha barua, aisomewe baada ya mazishi yangu?

Alois, Morogoro

JIBU

Mzee Alois, shikamoo. Pole kwa ugonjwa, na pole kwa miaka tisa ya kumeza jambo hili.

Nianze na lililo jepesi. Aliyeandika jedwali lile hakuwahi kuhesabu neno "wasikaribiane." Nimelihesabu hapa mezani, lina herufi kumi na tatu. Kosa la kusema dakika kumi ni la kibinadamu, na kwa hilo sikulaumu. Lakini uliandika "Imepokewa" kwa mkono wako, ukasema "nilimaliza" kwa kinywa chako, na rafiki yako alipokaa mbele yako akijishuku, ulimwacha aende hivyo. Hapo hapakuwa na jedwali wala ukungu.

Unaniuliza kuhusu barua ya baada ya mazishi. Hapana. Barua hiyo itamwacha Mwanaheri na hasira isiyo na mtu wa kumkabili, naye atakuwa amekuuguza na kukulilia bila kujua anamlilia nani. Unataka uji wake hadi mwisho, na ukweli umfikie wewe ukiwa umekwisha shiba. Samahani, mzee wangu, ila ndivyo ilivyo.

Mwambie kesho, kabla hajakaa, kabla hujapokea bakuli. Mwambie Mwinjuma hakulala. Anza na hilo, mengine yafuate. Usimwombe msamaha siku hiyo hiyo, usimwekee mzigo mwingine. Akiondoka, mwache aondoke. Padre atakutafutia mtu wa kukuangalia. Kisha mwite Padre na akida wa mjini, useme mbele yao, waandike na kutia sahihi, na karatasi hiyo ipelekwe Kisaki, ikasomwe hadharani baada ya sala ya Ijumaa, mbele ya wazee walioirudisha posa ya Mosi. Kama watamchukua au hawatamchukua, ni shauri lao, lakini wasimkatae kwa uongo wako.

Majina nimeyaacha kama ulivyoyaandika, kwa sababu jina la Mwinjuma ndilo linalodaiwa hapa. Nakala ya jibu hili nimeitanguliza kwako kwa posta. Gazeti litachapwa baada ya majuma mawili, na Morogoro wasomaji ni wengi. Kwa hiyo siku nilizokupa ni kumi na nne, za kufika kwa Mwanaheri kabla ya gazeti. Watu wengine watakapoyasoma maneno haya, ama Mwanaheri amekwisha kuyasikia kwako, ama umemnyamazia mara ya pili.