Kadi Uliyomletea Marselino

Chanji,
Sumbawanga.
9 Julai 2006

Mpendwa Mjomba Raphael,

Shikamoo mjomba. Mkaza mjomba Hellena naye shikamoo yake. Mguu wake unaendeleaje, umeacha kuvimba? Tunamtaja kila jioni kwenye sala. Sisi huku tunaamka, tunashukuru, ila baridi ya mwezi huu imetukamata kweli. Asubuhi maji ya ndoo yanauma vidole, na Mama anakohoa kidogo. Maharage tumeshapura, na Bibi Coleta ametuletea mchele kutoka Ilemba.

Ningeweza kukupigia kwa simu ya Atuganile, mpangaji mwenzetu, lakini unanijua, kwenye simu sauti yangu inakwama. Ndiyo maana naandika. Kifurushi atakachokupa kondakta wa basi pamoja na barua hii usikifungue kwanza. Soma mpaka mwisho.

Unaikumbuka kompyuta ya kaka Marselino, ile aliyoiunganisha na televisheni pale sebuleni tukawa tunaangalia filamu kama tuko ukumbini. Mwanzoni ilitoa picha kwa tundu lake lenyewe, na picha zilikuwa zinakwamakwama. Wewe ndiye uliyemletea ile kadi ya picha, uliyoitoa kwenye kompyuta yako mwenyewe huko Morogoro. Siku alipoichomeka alicheka peke yake, akaniita pembeni. "Fortu, hii kadi inakula umeme kuliko mashine nzima. Wapangaji wasijue."

Siku ile ya Januari alipokwenda Muze kutengeneza redio za watu, aliiacha inawaka. Alikuwa ameshaweka filamu ya jioni. Akiwa mlangoni akasema, "Mama usizime, narudi sasa hivi." Lori lilivyopinduka kule mteremkoni unajua, ulikuja ukatusaidia kuzika. Usilolijua ni kwamba Mama hajaizima mpaka leo. Wakati wa msiba alikuwa ameifunika kitenge, na kwa vile nyumba ilikuwa imejaa watu wanaoimba, nadhani hukuisikia.

Televisheni imezimwa, ila lile boksi linapumua. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo. Mlio unapanda, unashuka, unakatika kidogo kama mtu aliyezibwa pua, halafu unapanda tena. Mjomba, umewahi kulala chumba kimoja na Marselino, unajua alivyokuwa akilala. Ni vilevile. Mama amehamishia godoro sebuleni. Umeme ukikatika anakaa pembeni yake, na ukirudi anaiwasha kabla hajawasha taa. Mimi nilijua ni mashine tu, lakini nikipita pale nilikuwa nanyata.

Sasa hii nyumba ya Mzee Alfonsi ni ya wapangaji wengi na mita ni moja, ile ya zamani yenye kisahani kinachozunguka. Tangu masika watu wananung'unika kwamba kuna mtu anakula umeme wa wenzake. Baba Shija, yule Msukuma wa chumba cha mwisho, alikuwa akinusa mlango wetu kila akipita, anadhani tumeficha jiko la umeme.

Jumamosi ya tarehe mosi Mzee Alfonsi akaja mwenyewe, akatusimamisha wote mbele ya mita.

"Kila mtu azime vyake. Hata redio. Nasema hata redio, Baba Shija."

"Yangu ya betri, mzee."

"Izime hivyohivyo, inanipigia kelele."

Kila kitu kikazimwa. Kisahani hakikusimama. Kiliendelea kuzunguka mbele ya macho yetu.

"Jamani, sasa nani anakula?" Atuganile akauliza.

"Labda marehemu," Baba Shija akasema. "Si alikuwa anapenda sinema?"

Watu walianza kucheka, wakaacha. Kwa sababu uwanja ulikuwa umetulia, na sote tulisikia ile pumzi kule ndani kwetu, ikipanda, ikishuka. Baba Shija alivua kofia.

Mzee Alfonsi alimgeukia Mama. Hakufoka. "Mama Marselino, nakuheshimu. Lakini ama uzime hicho kitu, ama mwisho wa mwezi unipishe vyumba."

Mama akamwuliza, "Nikihama, atanikuta wapi?"

Mzee Alfonsi aliaga akaondoka.

Mjomba, nilihangaika sana. Tukihama, Mama hatapona, najua. Tukizima, ndiyo kabisa. Ndipo nikakumbuka maneno ya Marselino kuhusu kadi. Nikamwambia Mama kwamba kompyuta inaweza kuwaka bila kadi, kwa tundu lake la zamani, na itakula kidogo tu. Alifikiri, akasema, "Toa hicho kinachokula. Ila yeye muache."

Jumatano asubuhi umeme ulikatika wenyewe. Nilifurahi kwamba hakuna aliyelazimika kubonyeza kuzima. Nilichukua bisibisi yake, nikafungua boksi, nikaichomoa ile kadi. Ilikuwa bado ina joto, kama kiganja cha mtu aliyetoka kulala. Ndipo nikaona kwamba ina feni yake ndogo mgongoni, na panga moja la feni limemeguka. Sikujua. Nilikuwa nimefikiria umeme tu.

Umeme uliporudi Mama alibonyeza. Kitaa cha kijani kikawaka, mashine ikawa hai, lakini kimya. Mama akapiga magoti, akaweka sikio.

"Fortu," akasema, "umemtoa."

Kisahani sasa kinatambaa. Mzee Alfonsi ametuambia tukae. Baba Shija alikuja na maziwa ya mgando, akaomba radhi, akashindwa kumtazama Mama usoni. Lakini Mama hali, mjomba. Anakaa ameipakata ile kadi na kuipuliza feni kwa mdomo ili izunguke. Inazunguka kidogo, inasimama. Anapuliza tena.

Jana ameniambia, "Mpelekee kaka yangu. Kwake mita ni yake mwenyewe." Basi ndiyo hiyo iliyomo kwenye kifurushi, kwenye kitambaa cha Mama.

Naomba uichomeke ilikotoka. Jumapili ijayo, tukitoka misa ya kwanza, tutakuwa na simu ya Atuganile. Weka simu karibu na boksi, Mama asikilize. Amesema akimsikia mara moja akiwa salama kwako, atakula, na atarudi kulala chumbani. Usimdanganye, mjomba. Ukisikia feni, mwambie dada yako ni feni. Ukisikia kitu kingine, mwambie pia. Mimi nitakuwa nimesimama karibu naye, nitajikaza.

Nisalimie Herieth na Isdori, waambie nawakumbuka. Mkaza mjomba apakwe mguu mafuta ya moto. Mungu alinde mlango wenu na wote wanaolala ndani yake.

Mpwa wako anayekupenda,
Fortunata

Tena mjomba, fundi akikuambia ile feni imeharibika, usikubali abadilishe. Ni lile panga lililomeguka ndilo linalompumulisha.