Baba, Gari Hili Halitaki Frii

Shikamoo, Baba.

Na mbukwenyi, kama huko mliko mnaamkiana Kigogo.

Nisamehe nimechelewa. Mwaka mmoja na miezi mitatu sijakuandikia hata mstari, na wewe ndiye uliyeninunulia kalamu ya kwanza. Nilijaribu mara mbili. Mara ya kwanza mtoto akalia. Mara ya pili nikaona ninachokuandikia ni uongo, nikachana. Na nimechoka, Baba, sikufichi. Siku hizi naamka nimeshachoka.

Leo nimepata nafasi. Nimeegesha hapa Kibakwe penye mizani, wapakizi wanapakia vitunguu na kubishana, nami nimeweka daftari la Neema juu ya usukani. Kilima ulikolala nakiona kwenye kioo cha pembeni. Wakimaliza kufunga turubai nitapanda kwa miguu nikuletee barua hii.

Nianze na ya nyumbani. Ulipoondoka nilikuwa na mimba ya miezi sita. Alizaliwa wa kiume, tukampa jina lako, Yohana. Kwa hiyo namwita Baba, kama ilivyo desturi, na kuna siku namwita hivyo nikiwa nimechoka sana, halafu nakaa kwanza. Masikio ni yako. Neema yuko darasa la pili. Baba yake bado yuko machimboni, hupiga simu Jumapili mtandao ukikubali. Tumehamia Zuzu kwa Mama, na Mama ndiye anayebaki na mtoto nikiwa safarini. Mgongo unamuuma, lakini hasemi. Namjua kwa anavyoinuka.

Gari lako halikukaa. Miezi miwili baada yako injini ilikufa, tukaliuza kama vyuma chakavu. Mimi nilifungua kichwa cha gia nikakitia kwenye pochi, kile ambacho kiganja chako kilikilamba mpaka namba zikafutika. Sasa hivi mwenye nacho ni Yohana. Ameota meno manne, anakitafuna.

Wale akina mama wa kikundi uliokuwa ukiwabebea vitunguu wamenunua pikapu mpya. Mpya kabisa, viti bado vilikuwa na nailoni. Mama Kulwa, mwenyekiti wao, alikuja mwenyewe nyumbani, akakaa kwenye kigoda chako, akasema, "Usukani apewe binti wa Mzee Yohana. Yule mzee hakuwahi kutuibia hata tone la dizeli." Sikuulizwa najua nini. Nilipewa kwa jina lako.

Sasa nikueleze gari lenyewe, maana najua ndicho unachosubiri.

Ni la otomatiki, Baba. Klachi hakuna. Wiki mbili za mwanzo mguu wangu wa kushoto ulikuwa unakanyaga sakafu, unatafuta. Gia gari linabadilisha lenyewe, kimya, kama mtu anayegeuza shavu usingizini. Sikuzoea. Niliendesha nikisubiri ule mkono wako ugonge dashibodi mara mbili, ko ko, ndipo gia iingie, na gia ilikuwa imeshaingia zamani.

Lakini nililiendesha kwa masomo yako. Ningeyatoa wapi mengine? "Mlima haubembelezwi, unakimbiliwa," kwa hiyo nikiuona mlima nakanyaga mafuta mpaka mwisho. "Mteremko ni zawadi ya Mungu, usiuchomee dizeli," kwa hiyo nikifika juu naweka frii, gia haishiki kitu, tunateleza. Na lile la tatu ulilokuwa ukilisema kila tukiingia kituo cha mafuta: "Gari zuri lita moja kilomita kumi. Dereva mzuri kumi na moja."

Kwenye dashibodi ya hili gari kuna kioo kidogo kinachoandika namba ya ulaji wa mafuta. Siku ya kwanza kiliandika tisa. Nikasikitika, nikasema gari jipya linashindwaje hata kufika kumi ya Baba? Nikakaza. Milima nikaikimbilia kweli kweli, miteremko yote frii. Namba ikapanda. Kumi. Kumi na moja, nikasema haya, nimekufikia. Safari ya nne ikaandika kumi na tatu, na nilipiga honi peke yangu pale nje ya Mpwapwa kama mwendawazimu. Nikaenda kuwaambia akina mama kwa mdomo wangu huu: "Baba alikuwa anapata kilomita kumi na moja kwa lita, mimi napata kumi na tatu." Wakanipigia vigelegele.

Gari lenyewe lilikuwa linalalamika, nami sisikii. Nikilikanyaga mlimani linanyamaza kidogo, kama linafikiri, halafu linashusha gia mbili kwa mpigo na kupiga kelele kama limekanyagwa mkia. Nikilitoa frii kulirudisha kwenye gia linashtuka, mgongo wote unausikia. Nilijiambia ni ugeni tu.

Halafu mafuta yakaanza kuwa hayatoshi. Wananijazia nusu tenki, kwenda na kurudi, na kwa hesabu yangu ya kumi na tatu yanatakiwa yabaki ya kutosha. Lakini taa ya mafuta ikawa inawaka kabla sijaona nyumba za mjini. Safari moja, mbili, tatu. Na Baba, unajua dereva ambaye mafuta yake hayatoshi anaitwaje.

Hawakuniita hivyo. Mama Tausi, mmoja wa wale akina mama, alizunguka tu gari, akatazama mfuniko wa tenki, akasema wenzake wasikie, "Kama lita moja inakwenda kilomita kumi na tatu, hizo nyingine zinatembea kwa miguu?" Wakacheka. Halafu akaniambia mimi, "Viatu vya Neema vinang'aa siku hizi, Mama Neema." Viatu alivyonunua baba yake. Mama Kulwa hakucheka. Alisema safari ijayo mafuta yakiisha tena, usukani anapewa Chidi, shemeji yake Mama Tausi. Akasema bila kuniangalia. Hilo ndilo lililoniuma.

Sikulala vizuri. Sikuwa nawaza kazi tu. Nilikuwa nawaza jina lako, kwamba limedumu miaka yote hiyo barabarani, na mimi nimelichafua kwa miezi miwili.

Safari hiyo nikakaza zaidi. Unanijua. Namba ikafika kumi na nne, na gari likazimika Ihumwa, kabla ya reli, tenki kavu, vitunguu vinapigwa na jua.

Kuna fundi pale, anaitwa Mrisho, ana kibanda cha mabati. Alikuja na dumu, akatia dizeli, akatoa upepo kwenye mipira ya mafuta, gari likawaka. Akaingiza kichwa dirishani akaitazama ile namba. Nikamwambia kwa fahari, Mungu wangu, kwa fahari, kwamba ni kumi na nne kwa lita. Baba, yule mtu alicheka mpaka akakaa juu ya tairi.

"Dada'angu, hii siyo kilomita kwa lita. Hii ni lita kwa kila kilomita mia. Ikipanda unaunguza. Wewe umekuwa unashindana kuumaliza mfuko wako mwenyewe."

Nikamuuliza, kwani ile tisa ya siku ya kwanza si ilikuwa mbaya? Akasema tisa ndiyo ilikuwa nzuri kuliko zote.

Akaniuliza naendeshaje. Nikamweleza. Akaacha kucheka. Akasema otomatiki ukiikanyaga mpaka mwisho inadhani unakimbia hatari, inakupa nguvu yote na kunywa yote. Na kwenye mteremko, ukiliacha kwenye gia na kutoa mguu, injini inajikatia mafuta yenyewe, matairi ndiyo yanayoizungusha. Ukiweka frii inabidi inywe ili isizime, na mzigo wote unabaki kwenye breki. "Nani kakufundisha frii kwenye oto?"

Nikasema, "Nimejifunza mwenyewe."

Nilikuficha. Kama mtu anavyofunika kidonda cha mzazi wake wageni wakiingia.

Nilipofika ghalani walikuwa wamekaa wananisubiri, na Chidi naye amekaa, amevaa vizuri. Nikawaeleza ile namba. Nikawaeleza mlima na frii. Ndipo Mama Kulwa akaniuliza, polepole, "Sasa Rehema mwanangu, kuendesha hivyo nani alikufundisha?"

Ningesema ni mimi, wangesema basi tulimpa gari mtu asiyefundishwa. Ningenyamaza, wangesema kaiba, sasa anatafuta hadithi. Nikasema, "Baba."

Mama Tausi akauliza, "Kwa hiyo Mzee Yohana alikosea?" Aliuliza kama mtu anayeonja chumvi.

Nikasema, "Kwa gari hili, ndiyo. Alikosea."

Nilisema mbele ya watu kumi na wawili, Baba. Halafu nikaenda nyuma ya ghala nikanawa uso kwenye pipa. Hiyo ndiyo sababu niliyokuwa nakuficha ya kuchelewa. Zamani nikipita chini ya kilima chako nilikuwa nakupigia honi mbili. Tangu siku ile nimekuwa nikipita kimya, naangalia mbele.

Walinipa safari moja ya kujaribiwa, Mama Kulwa akakaa pembeni yangu kama mkaguzi. Alishika kile kishikio cha juu ya mlango kwa mikono miwili tangu Dodoma. Niliendesha kama nimebeba mayai. Mlima nikauacha uje wenyewe, mguu mwepesi, gari likachagua gia linayotaka. Kumi na tatu. Kumi na mbili. Tukafika Mpwapwa kumi na moja. Namba ilikuwa inashuka na mimi nilitakiwa kufurahi, na nilifurahi, lakini kila iliposhuka ilikuwa kama nakutoa wewe ndani ya gari, kiungo kimoja kimoja.

Kurudi tukiwa na mzigo, pale juu kabla ya ule mteremko mkali, nilisimama. Nikazunguka gari, nikagusa tairi zote nne, maana hilo nalo ulinifundisha. Mama Kulwa akasema, "Baba yako mtupu." Nikapanda, nikavuta gia upande ule wa kuchagua kwa mkono, nikaweka ya pili, nikatoa mguu. Likanguruma, likajishika lenyewe. Breki niligusa mara tatu, labda nne, mpaka chini.

Chini nikasimama tena, nikagusa ringi kwa mgongo wa mkono, kama ulivyotaka niguse kila tukishuka.

Zilikuwa baridi, Baba. Zote nne.

Unakumbuka zamani? Ulikuwa unashuka na dumu la maji unazimwagia, chaaa, moshi unapanda, unaniambia, "Zinatusalimia." Nilikua nikijua kila gari likifika chini lazima lichemke. Nilisimama pale mkono uko kwenye ringi nikaelewa kwamba miaka yote ile tulikuwa tunashuka bila breki, na Mungu tu. Mimi. Na Neema mara nyingine, mapajani kwangu. Nilikukasirikia, sitakudanganya. Nilikukasirikia pale pale barabarani.

Halafu nikaelewa na lingine. Hukuwa unabana mafuta vile kwa ubahili. Ulitaka kila ukirudi mshale ubaki juu, asitokee mtu wa kuzunguka tenki lako akicheka. Woga ni ule ule niliolala nao mimi. Ulinirithisha na hujaniambia.

Kutoka pale Mama Kulwa aliachia kishikio. Tulipopita Kongwa alikuwa anakoroma, mdomo wazi. Tuliingia mjini kioo kinaandika tisa nukta moja na mshale bado uko juu ya alama nyekundu. Aliamka, akautazama mshale muda mrefu, akajifunga kanga, akashuka. Akasema, "Ijumaa saa kumi na moja alfajiri. Usichelewe." Basi. Chidi akarudi kwenye bodaboda yake. Mama Tausi bado hunusa kanga yangu kama ina dizeli, lakini ananusa huku ananisalimia.

Wapakizi wanafunga turubai sasa. Nifunge na mimi.

Lala, Baba. Sijakutoa kwenye gari, nimekuhamishia kiti cha abiria. Yohana akikua nitamfundisha kuzunguka gari na kugusa ringi, na nitamwambia ni mafunzo ya babu yake. Nitamwambia pia habari ya frii, na hiyo nayo nitaisema kwa jina lako, sitaificha tena. Naahidi. Na kuanzia leo honi zako mbili zinarudi.

Ninavyohitaji bado unitumie ni hivi. Jina la yule rafiki yako wa Mpwapwa uliyemwachia jeki. Nimeuliza gereji tatu, kila mmoja anasema siye. Mahali ulipoweka ufunguo wa sanduku la spana. Ule mti uliokuwa ukimchemshia Mama kwa ajili ya mgongo, anasema ni wewe tu uliyeujua. Usingizi, hata gunia moja, nami nitaubeba mwenyewe. Frii usitume. Na zile konzi zako mbili juu ya dashibodi, ko ko. Gari linajibadilishia lenyewe, najua. Zitume hivyo hivyo.