Chupa Iliyozikwa Masaki

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi Kisarawe, tarehe 16 Machi 1981, saa 4:20 asubuhi

Jina: Mwanne binti Salehe. Umri: miaka 52, kwa hesabu ya mwenyekiti wa kijiji. Kazi: mkulima wa mihogo na korosho. Makazi: kijiji cha ujamaa, Masaki. Anaishi peke yake.

Sikuitwa, nimekuja mwenyewe. Nimekuja kwa ajili ya Stellamaris, mwalimu wa shule yetu, mliyemkamata Ijumaa mkisema amezaa mtoto na kumzika kwenye mahame. Lile kaburi dogo nimelichimba mimi.

Mnamo tarehe 9 Machi nilikwenda hospitali, Kibaha, kwa sababu ya damu iliyokuwa ikinitoka tangu Ramadhani. Naona haya kulisema hili mbele ya kijana kama wewe, lakini andika. Daktari alikata kinyama kwenye mlango wa kizazi, akakitia kwenye chupa yenye dawa, akanipa na barua. Alisema nikipeleke maabara, Dar, wataalamu wakitie rangi na kutafuta alama za protini zinazoonyesha kama ni kansa. Nikamuuliza, "Kitarudi?"

Akajibu, "Majibu yatarudi, mama. Nyama hairudi."

Mume wangu Mfaume na wanangu wawili wamezikwa kule kwenye mahame, tulikokuwa tukiishi zamani. Mwaka 1974 tulipohamishiwa kijijini, sisi tulipakiwa kwenye lori, wao wakabaki. Nikifa nitazikwa kijijini, pembeni ya watu nisiowajua. Kwetu kiungo cha mtu hakitupwi. Tena wanangu walipita hapo hapo kuja duniani. Nikaona kikalale nao.

Tarehe 10, saa moja asubuhi, nilitembea mpaka mahame. Nilifunga chupa na barua kwa kipande cha sanda kilichobaki tulipomzika Mfaume, nikachimba kwa jembe, nikazika. Nilisoma Fatiha peke yangu. Pale sikulia. Nililia njiani.

Mwalimu hakuwepo. Wiki hiyo alikuwa kitandani na homa, na uji nilimpelekea mimi. Balozi wetu wa nyumba kumi, Mashaka, ameona kaburi fupi, ameona na msichana aliyetoka mbali asiye na ndugu, akajumlisha. Kwangu hakubisha hodi kuniuliza. Huwa habishi hodi kwa mtu yeyote.

Mkifukua, chimbeni taratibu, chupa ni ya kioo. Kama daktari bado anaitaka, mpelekeeni. Mimi majibu ninayo, mwili ni wangu.

Niliyoyasema nimesomewa, nimeyasikia, na sina la kupunguza.

(Alama ya dole gumba la kushoto)
Mwanne binti Salehe

MAELEZO YA ASKARI: Nimeandika mimi, Koplo Evodius. Tumefukua saa 9:10 alasiri mbele ya shahidi na balozi. Chupa na barua vimekutwa vizima, vimepelekwa hospitali. Mwalimu ameachiwa. Shahidi ameomba shimo lisifukiwe, akisema huenda kinyama kikarudi. Nimeliacha wazi.