Jabali la Kusagia

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba, mama. Huku Mwanza tuko wazima, ila babu yako anakohoa. Umeuliza kama lile jabali la nyuma ya nyumba, ulilokuwa ukitelezea utotoni, bado lipo. Linakwisha.

Yale mashimo juu yake ni ya bibi zetu, walisagia mtama mpaka jiwe likabonyea, kila nyumba na shimo lake. Mwaka mmoja wa njaa, nikiwa mdogo, nilimkuta bibi yangu amepiga magoti anasaga shimo tupu.

"Bibi, unasaga nini?"

"Nyamaza. Majirani wasiposikia kitu watajua hatuna unga."

Kumbe nao walikuwa wakisaga vivyo hivyo. Jabali zima lilinguruma, na hakuna aliyepika.

Sasa ufukweni kunajengwa kiwanda cha minofu ya sangara, wanataka kokoto. Shangazi yako, tangu apunguzwe kazini, anagonga jabali kutwa pamoja na majirani. Jana nilimsihi aliache shimo la bibi yangu.

"Mama, tutakula nini?"

Leo nimekaa ndani, nasikiliza nyundo. Njaa yetu siku hizi haifichwi, mjukuu wangu; inasikika hadi ng'ambo ya ziwa, Kamanga.

Bibi yako,
Nyanzala