Nsimire Aligusa Wavu

Mama Pascal mpenzi,

Salamu zikufikie huko Idjwi. Bukavu mvua imetulia leo, nami nimepata nguvu za kushika kalamu.

Jana mjukuu wetu Nsimire alinipeleka kutazama mechi yake ya voleboli. Pointi ya mwisho, mpira ulianguka kwa wapinzani na wenzake wakaanza kurukaruka. Yeye akamwinulia mwamuzi mkono. "Arbitre, ni miye, niligusa filet!" Hakuna aliyekuwa ameona wavu ukitikisika. Pointi ikapewa wapinzani, kisha mechi ikawaponyoka. "Weye Nsimire, enda mu couvent!" wakamtania kwamba anafaa kuwa mtawa, wakicheka. Kocha wake, kijana asiye na hata ndevu, akampigia makofi.

Nilimwonea wivu kijana yule, nakuungamia. Mimi mwalimu mzima nilimlea Nsimire kwa fimbo na katekisimu, na hakuwahi kukiri hata sukari aliyolamba.

Tukirudi, nikamuuliza Nsimire daktari alisema nini kuhusu kifua changu. Mwanetu Pascal ananificha. Nsimire akasimama, akanitazama mimi babu yake machoni: "Koko, hautapona."

Ujasiri ule aliupata uwanjani, si kwangu. Wivu unaniuma kuliko kifua, mke wangu. Nikaangie sambaza, wale dagaa wa ziwani kwetu, narudi kwako na boti ya Jumamosi.