Insha ya Dativa na Neti Yangu ya Nywele

Jumatatu, 7 Aprili 1997

Barua kutoka wilaya ya shule. Bahasha nene, nembo juu. Nilidhani ni mambo ya chanjo, nikaiacha juu ya friji mpaka mke wangu Avelina aliporudi kutoka zamu hospitali. Akaifungua amesimama, koti bado mwilini.

Dativa ameshinda! Insha. Yuko darasa la tano, na si shule yake tu — wilaya nzima. Tarehe 28 wanafunzi na wafanyakazi waliofanya vizuri mwaka huu watapongezwa mbele ya bodi, na binti yangu ataisoma insha yake kwenye maikrofoni. Afisa elimu wa wilaya atakuwepo. Kwetu Kamachumu, Tanzania, afisa elimu wa wilaya akitangaza kuja tulikuwa tunapaka mawe chokaa wiki nzima.

Nikamuuliza Dativa insha inahusu nini. Akanijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba ni siri mpaka siku yenyewe. Sawa, mwandishi. Moyoni nilishajua: inahusu Tanzania, au bibi yake. Damu ya ualimu hiyo. Nimejisifu peke yangu jikoni kwa nusu saa, na mke wangu alikuwa ameshalala.

Jumanne, 8 Aprili

Kazini. Watoto mia nne na ushee, vipande vya kuku na mahindi. Nimevaa neti ya nywele, mimi nisiye na unywele hata mmoja tangu mwaka 1989. Niliwahi kumuuliza Marlys, mkuu wetu wa jiko, neti yangu inazuia nini hasa. Alisema sheria ni sheria.

Leo amenionya tena. Foleni yangu inakwenda polepole kuliko ya mwenzangu. Sababu anaijua: kabla sijachota mahindi namuuliza mtoto saba mara nane ni ngapi. Akijibu, napakua. Akikosea, napakua vilevile, ila namwambia jibu, na kesho namuuliza tena. Siwezi kujizuia. Nimefundisha hesabu sekondari miaka kumi na mmoja, haitoki kwa sabuni. Marlys anasema watoto wana dakika ishirini za kula, si za mtihani.

Dativa akifika mbele yangu namwita "anayefuata", kama wengine. Pale hatujuani. Niliamua hivyo mwenyewe tangu alipoanza shule hii, nisimwaibishe mbele ya wenzake. Huniangalia, huchukua trei yake, huenda zake.

Jumapili, 13 Aprili

Sikuweza kukaa nayo. Ibada yetu ya Kiswahili kule Brooklyn Center ilipofika kwenye matangazo, nikasimama. Nilipanga kusema sentensi moja. Nimesema dakika tisa. Avelina alikuwa ananivuta koti kuanzia dakika ya tatu.

Sasa niandike ukweli, maana hapa hakuna wa kunisikia. Pale kanisani mimi naitwa Mwalimu. Mwaka tisini na tatu, siku ya kwanza, Muriuki, Mkenya wa pale kanisani, aliniuliza nyumbani nilikuwa nafanya kazi gani. Nikasema mwalimu. Na huku ughaibuni? Nikasema niko shule moja hapa Coon Rapids. Basi. Sikusema uongo hata neno moja. Nilisema shule, yeye akajaza yaliyobaki. Na kazi ya jikoni yenyewe ilikuwa ya miezi sita tu, huku nikisubiri leseni ya kufundisha. Fomu za leseni ziko kwenye droo, chini ya betri zilizokufa.

Tangu hapo nimekaa meza kuu kwenye harusi mbili kwa cheo hicho. Nimewapa vijana nasaha. Na kuna ile picha. Mwaka juzi, watoto wameshaondoka, niliingia darasa namba 12, nikashika chaki, mhudumu wa usafi akanipiga picha. Nikamtumia kaka yangu kule Kamachumu. Wameitundika sebuleni. Ubaoni nyuma yangu, kwa mwandiko wa mtu mwingine, kuna orodha ya vitu vinavyoelea na vitu vinavyozama. Mimi mtu wa hesabu.

Baada ya ibada Muriuki alinishika mkono na hakuuachia.

"Mwalimu, hii si kitu ya kunyamazia. Mtoto wa Mwalimu ame-beat wazungu na lugha yao. Tuna-organize."

Kamati iliundwa kabla chai haijapoa. Mwenyekiti Muriuki. Katibu Philister, yule nesi wa Kisii, ambaye tayari alikuwa na karatasi. Sare ya kitenge. Kamera ya video. Vigelegele, wapangwe wanawake wanne. Philister akauliza mgeni rasmi ni nani na risala atasoma nani. Nikajaribu kusema kwamba ni kikao cha bodi, kila familia ina dakika chache. Wakasema nisijali, watazungumza na hao watu wa bodi.

Jumatano, 16 Aprili

Dativa ameleta fomu ya ruhusa. Mzazi asaini kwamba amekubali insha isomwe hadharani. Nakala ya insha imebanwa nyuma, na siri ikaishia hapo.

Kichwa chake: Mtu wa shule yetu ninayemheshimu.

Naandika hapa kwa Kiswahili, mtoto kaandika kwa Kiingereza chake:

"Mtu ninayemheshimu anafanya kazi jikoni. Anavaa neti kichwani ingawa hana nywele. Anapakua mahindi na kuuliza hesabu. Rafiki yangu Solomon alikuwa hajui saba mara nane, sasa anajua, kwa sababu ya mahindi. Tanzania alikuwa mwalimu wa watoto wakubwa. Ni baba yangu. Tukiwa kwenye foleni ananiita anayefuata, ili watu wasijue mimi ni mtoto wake. Anadhani nitaona aibu. Lakini wote wanajua. Niliwaambia siku ya kwanza."

Nilisoma nimesimama. Nikasoma tena nimekaa.

Kisha nikaitafuta ile barua ya wilaya. Iko pale, mstari wa tatu, wazi kabisa: mwanafunzi atasoma, halafu mfanyakazi aliyeandikwa kwenye insha ataombwa asimame karibu naye. Mwalimu mzima wa sekondari, niliyekuwa nawachapa watoto kwa kutosoma swali mpaka mwisho, nilifika kwenye "ameshinda" nikaacha.

Kwa hiyo mbele ya kanisa zima, wamevaa sare, na video inazunguka, nitaitwa nisimame. Mimi wa jikoni.

Avelina alisoma juu ya bega langu. Akacheka mpaka akakaa chini. Halafu akaacha kucheka, akajifuta macho. Nikamwambia na yeye amechangia, miaka minne hakuwahi kumsahihisha mtu. Akasema hajawahi kumwambia mtu yeyote kwamba nafundisha. "Na wewe hujawahi kumwambia mtu kwamba hufundishi." Akaenda kuoga.

Alhamisi, 17 Aprili

Viazi leo. Sikumuuliza mtoto yeyote chochote. Foleni ilikwenda mbio. Marlys akaniuliza kama naumwa.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimefanya jambo. Nalieleza haraka.

Nilimwita Dativa mezani. Nikamsifu insha, kweli nilimsifu. Halafu nikasema kuna vineno viwili vitatu vya kurekebisha, kama mwandishi yeyote anavyofanya. Pale alipoandika anafanya kazi jikoni, aandike ni afisa katika idara ya lishe.

Akasema, kwa Kiingereza, hiyo si kazi yako.

Nikasema ni karibu. Chakula ni lishe. Na idara ipo.

Akaniangalia kama anavyoniangalia akiwa na trei mkononi. Akauliza, na neti nayo aitoe? Nikafikiri. Nikasema itoe. Na mahindi? Nikasema mahindi nayo. Na ile sehemu ya anayefuata? Nikasema hiyo hasa.

"Okay, Baba."

Ameandika upya, kwa mwandiko mzuri kuliko wa mwanzo. Insha imebaki nusu ukurasa. Inamhusu bwana mmoja wa lishe ambaye simjui na ambaye nisingempa hata cheti. Ile ya kwanza nimeikunja mara mbili nikaiweka humu ndani ya daftari. Nimejiambia ni kwa ajili ya kumbukumbu.

Jumapili, 20 Aprili

Vitenge vimefika. Kijani, majogoo ya njano. Watu kumi na wanne, mbali na sisi wenyewe. Yangu ni shati lenye jogoo mmoja mzima tumboni.

Nilimfuata Muriuki kwenye maegesho. Nilikuwa nimejiandaa: ndugu yangu, kuna jambo. Yeye akawa ananipima mabega kwa mikono, anahofia shati litabana. Akaniambia ameomba ruhusa kazini, atatoka mapema awabebe watu kwa van ya kanisa. Supervisor wake alikataa kwanza. "Nikamwambia, boss, mimi hapa ni wa kubeba maboksi, boxes zitaningoja. Hii ya Mwalimu haiwezi ku-wait."

Wa kubeba maboksi. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, na wanawake wakipita. Kenya alikuwa karani wa mahakama, na hilo analisema pia. Hakuna aliyewahi kumcheka. Miaka minne nasali naye, nimeliona leo.

Nikamwambia shati liko sawa.

Jumatano, 23 Aprili

Mahindi. Dativa alifika mbele yangu, nikasema anayefuata. Nyuma yake kulikuwa na mtoto mmoja mwenye nywele nyekundu. Akaniuliza kwa nini sijui jina la binti yangu.

Foleni nzima ikanitazama. Hata Marlys. Kumbe kweli wote wanajua, pengine na madereva wa mabasi. Wasiojua ni watu kumi na wanne wenye majogoo.

Dativa akachukua trei akaenda.

Jioni namsikia bafuni anajizoeza. Ile ya kwanza ameshaikariri, inamtoka yenyewe. Anafika kwenye jikoni, anasita, anarudi nyuma, anaingiza idara ya lishe. Anasita tena. Amerudia mara sita. Nimewasha televisheni nisisikie. Naona aibu, na si ile ya neti.

Jumapili, 27 Aprili

Sikuenda kanisani. Nilisema tumbo. Muriuki akapiga simu kusema wameniombea tumbo.

Jumatatu, 28 Aprili

Naandika nikiwa ukumbini, kwa penseli, daftari juu ya magoti. Nimekuja nalo kwa sababu karatasi ile imo humu. Nilisema nitaamua njiani. Sikuamua.

Ukumbi si mkubwa. Zulia, bendera, watu saba wa bodi nyuma ya meza ndefu, kila mmoja na glasi ya maji. Familia nyingine zimekuja wawili wawili, wana makoti na wanaongea chini chini. Sisi tumeshika mstari mzima wa tatu na nusu ya wa nne. Philister ana sinia la sambusa mapajani, limefunikwa foili. Muriuki alimpa mkono afisa elimu, akamwita mgeni wetu rasmi. Yule bwana alifurahi kweli.

Ratiba: paa la shule moja linalovuja. Ratiba za mabasi. Halafu pongezi. Tumekaa kwenye paa dakika arobaini. Muriuki anapiga makofi kila mtu anapomaliza kusema, hata kuhusu paa.

Watoto wamekaa mbele, upande wa njia. Namwona Dativa kisogo. Ana karatasi nusu ukurasa mkononi. Anaikunja, anaikunjua.

Mabasi yamekwisha.

Ameanza mvulana mmoja, kamwandika mkutubi wao. Mama yule mkutubi akasimama pale analia bila kujificha. Akafuata msichana, kamwandika dereva wa basi. Dereva! Kavaa koti lake la kazi, jina limeshonwa kifuani. Akasimama pale na mikono yake mikubwa, hajui aiweke wapi, na bodi nzima ikampigia makofi. Muriuki alisimama kabisa. Akanigeukia kutoka mwisho wa mstari, macho yana maji. Akaninong'oneza kwa nguvu, mstari mzima ukasikia: "Umeona hiyo, Mwalimu? Dereva!"

Bado wawili kabla ya Dativa.

Nimeitoa karatasi ya kwanza. Mimi niko katikati, siwezi kupita kwenye magoti ya watu watano na sambusa. Nimeandika kwa nje: Dativa, soma hii. Nimempa Avelina. Akaitazama, akanitazama, akaipitisha. Mkono wake ulinifinya goti.

Kutoka kwa Avelina kwa Jeptoo, mmoja wa wale wa vigelegele. Kwa mumewe. Kwa Philister, akaipokea kwa vidole viwili, vile vingine vina mafuta ya sambusa.

Bado mmoja.

Imefika kwa Muriuki. Ndiye wa mwisho, ndiye yuko kwenye njia, anyooshe mkono tu ampe mtoto. Hampi. Najua anachofikiri. Anafikiri ni risala, na kwamba mwenyekiti lazima aipitie kwanza. Anaikunjua. Anajipapasa mfukoni atoe miwani.

Wamemwita Dativa. Wametamka jina vibaya na vigelegele vimeanza kabla ya wakati, wote wanne. Bodi imeshtuka. Amesimama na ile nusu ukurasa yake. Yuko kwenye maikrofoni. Hajaanza. Ananitafuta kwenye majogoo, tumefanana sote.

Muriuki amevaa miwani. Midomo inacheza, anasoma.

Dativa bado ananitafuta. Neti ya leo mchana imo mfukoni mwa suruali, nilisahau kuitupa. Kuivaa kunataka mikono miwili, kwa hiyo penseli